Kisukumio cha Otter Tail

Nilipokuwa mtoto Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, swali la "Kwenu ni wapi?" lilikuwa na majibu mawili, na yote mawili yalinitia mashakani. Nikijibu kwamba kwetu ni Likoni, mtu mzima aliyeuliza alitabasamu na kuuliza tena, "La, kwenu hasa?" Nikijibu kwamba kwetu ni Kisii, nilihisi ninatoa ushahidi wa jambo nisilolishuhudia, kwa kuwa Kisii nilipajua kwa majuma matatu ya Desemba tu, kwa mvua ya kila alasiri, na kwa binamu waliocheka namna nilivyoitamka lugha ya baba yangu. Baba aliteremka Pwani akiwa kijana, akapata kazi bandarini, akaoa mwanamke wa kwao, akapanga chumba, kisha akanunua kiwanja na kujenga. Aliishi Likoni miaka 38, na katika muda huo wote neno "nyumbani" kinywani mwake halikuwahi kumaanisha nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Kila mwisho wa mwaka tulipanda basi la usiku hadi Nairobi, na kutoka huko hadi Kisii, safari ya zaidi ya kilomita 750, tukiwa tumebeba gunia la nazi na chupa za achari ya embe kwa ajili ya jamaa. Tuliporudi tulibeba ndizi za kupika, maparachichi na mboga ya mgagani, ambayo Baba alishikilia kwamba ile inayouzwa soko la Kongowea haina ladha kwa sababu haikuota katika udongo wa kwao. Kule bara tuliitwa watu wa Mombasa. Mombasa tuliitwa watu wa bara. Sikumbuki kwamba jambo hilo liliniumiza sana; nililichukulia kama hali ya hewa, kitu ambacho mtu huzaliwa akakikuta.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu nimeishi Minnesota, jimbo lililo kaskazini kabisa mwa Marekani kwenye mpaka wa Kanada, kwa zaidi ya miaka 15 sasa, na ni huko nilikofundishwa maana ya swali lile la utotoni, na watu ambao hawakujua kwamba wananifundisha.

Nilifika Februari 2009, siku ambayo baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Dada yangu aliyenitangulia alinipokea uwanjani akiwa na koti mkononi, na kabla hata ya kuniuliza habari za safari akaniambia nifunge mdomo, nipumulie puani. Nilipata kazi ya kuwahudumia wazee katika makao yao, kazi ambayo wengi wetu kutoka Kenya huianza nayo, na nikakaa Brooklyn Park, mji ulio kaskazini mwa Minneapolis ambako Wakenya ni wengi na Wakisii ni wengi zaidi, hata nikajifunza Kikisii vizuri kule kwenye theluji kuliko nilivyowahi kukijua Likoni. Watu hao nao waliniuliza kwetu ni wapi, nami nilipotaja Mombasa walisubiri kwa upole nimalize jibu.

Jambo lililonishangaza mapema ni fahari ya wazawa. Nilidhani Wamarekani hujivunia Marekani, basi. Nikakuta wanajivunia jimbo, na hawajivunii mambo makubwa niliyoyatarajia. Nambari za magari huko zimeandikwa kwamba hiyo ni nchi ya maziwa 10,000, na mzawa akikuona unazisoma atakwambia papo hapo kwamba maziwa yenye ukubwa wa kuanzia ekari 10 kwa hakika ni 11,842, na kwamba walioandika 10,000 walikuwa wanyenyekevu. Watakwambia kwamba mto Mississippi unaanzia kwao, katika ziwa Itasca, mahali ambapo mtu anaweza kuuvuka kwa kukanyaga mawe. Watakueleza kwamba chakula cha nyama ya kusaga kilichookwa na viazi juu yake kinaitwa hotdish, na watu wa majimbo mengine wanaokiita jina jingine hawajui wanachokula. Wanasema haya kwa uso mkavu na sauti ya chini, kwa maana kujisifu waziwazi ni aibu kwao, na kwa sababu hiyo ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa nikisikia majigambo.

Fahari iliyo ndani kuliko zote ni ya baridi. Anayetaka kumjua mzawa na amuulize alikuwa wapi tarehe 31 Oktoba 1991. Siku hiyo watoto walikuwa wamekwisha kuvaa mavazi ya Halloween, tayari kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, theluji ilipoanza kuanguka. Ilipokoma siku chache baadaye ilikuwa imefika inchi 28.4 mjini, yaani zaidi ya sentimita 70. Nimeisikia habari hiyo kutoka kwa watu wengi sana, na kila mmoja huisimulia kama aliyekabidhiwa kuitunza: huyu alivaa koti juu ya mabawa ya malaika, yule alibebwa mgongoni na baba yake hadi mlango wa tatu tu, mwingine alizaliwa usiku huo na mama yake akafikishwa hospitalini kwa gari la kusukumia theluji. Mwaka huo mimi nilikuwa na umri wa miaka 6, nikicheza mchangani Likoni, kwa hiyo katika mazungumzo hayo sikuwa na la kuchangia. Hakuna aliyekusudia kunitenga, lakini ni katika nafasi kama hizo mgeni huujua ugeni wake, pale kumbukumbu ya pamoja inapopitishwa kama sinia na yeye hana tonge la kutia.

Katika makao ya wazee nilipofanya kazi palikuwa na bibi mmoja ambaye nitamwita Bibi wa Otter Tail, kwa jina la wilaya aliyozaliwa, iliyo upande wa magharibi wa jimbo na yenye maziwa zaidi ya 1,000 peke yake. Alikuwa na umri wa miaka 89 nilipopangiwa kumhudumia mwaka 2012. Babu yake alitoka Norwei katika karne ya kumi na tisa, kama Wanorwei na Waswidi wengi waliojaza jimbo lile wakati huo. Bibi mwenyewe alikuwa ameondoka shambani alipoolewa, akaja kuishi kwenye kitongoji cha Minneapolis, mwendo wa saa tatu kwa gari, na huko akakaa zaidi ya miaka 60. Hata hivyo, kila alipotaja nyumbani, hakuwa na maana ya kitongoji kile. Alikuwa na maana ya shamba ambalo lilikwisha kuuzwa, zizi lililokwisha kubomolewa, na ziwa dogo lenye jina la jirani aliyekufa zamani. Nilikuwa nikimfunga vifungo vya sweta asubuhi moja aliponieleza kwamba siagi inayouzwa mjini si siagi, na mikono yangu ikasimama, kwa sababu nilimsikia Baba akiusema vibaya mgagani wa Kongowea.

Kila Desemba jamaa za wazee walikuja kupika lefse katika ukumbi wa chakula. Lefse ni mkate mwembamba wa viazi walioubeba Wanorwei kutoka kwao. Viazi huchemshwa na kupondwa hadi visibakize hata chembe, hutiwa siagi na malai vingali moto, huachwa vipoe usiku kucha, na asubuhi ndipo huchanganywa na unga wa ngano na kukatwa madonge. Kibao chake ni cha duara na huvikwa kitambaa. Kisukumio ni kizito kuliko chetu, na kimechongwa mistari mwili mzima ili unga ule laini usikishike. Donge likishasukumwa huinuliwa kwa kijiti bapa, kirefu kama mkono, na kulazwa juu ya chuma kikavu chenye moto mkali, kisha hugeuzwa linapotoa malengelenge ya hudhurungi. Huliwa na siagi na sukari, likiwa limekunjwa kama mkeka.

Binti yake Bibi, mwanamke wa makamo, alikuwa akihangaika na madonge. Kila aliloligusa lilitoka na umbo la ramani, likapasuka kwenye kijiti. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha magurudumu cha Bibi, kazi yangu ikiwa kumshika tu asije akaegemea mbele, na nilivumilia hadi donge la tano. Ndipo nikaomba nijaribu. Nilinyunyiza unga, nikaligandamiza donge kwa kiganja, nikasukuma kutoka katikati kwenda nje, nikageuza robo, nikasukuma tena, kama Mama alivyonifundisha nikiwa na umri wa miaka 9 kwenye baraza ya nyumba yetu, akinipiga kidole kwa kijiko kila niliposahau kugeuza. Mkate ulitoka duara. Watu wa meza ile wakanyamaza. Bibi akaniambia, "Bado. Sukuma mpaka uweze kusoma gazeti kupitia hapo." Nikasukuma tena, mpaka nyuzi za kitambaa zikaonekana upande wa pili, naye akaitikia kwa kichwa mara moja. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia ni mama yangu, Mombasa, na kwamba sisi mkate wetu tunautia mafuta na kuula na maharagwe au chai. Akafikiri, kisha akasema, "Mama yako anajua kazi."

Kutoka siku hiyo nilihesabiwa miongoni mwa waliofaa kusimuliwa mambo. Aliniambia kwamba katika miaka ya 1970 yeye na mumewe waliweka akiba wakaenda Norwei kuona kijiji cha babu. Maisha yake yote alijiita Mnorwei, na jirani zake Waswidi walimwita hivyo, lakini kule kijijini walimpokea kama Mmarekani. Maneno ya Kinorwei aliyorithi kwa bibi yake yaliwachekesha, kwa kuwa yalikuwa ya watu waliokufa zamani, na vyakula alivyodhani ndiyo roho ya nchi ile vilikuwa vimeachwa na wengi. Alitembea siku tatu akitafuta kitu cha kukitambua. Siku ya nne, alipoona mwanamke akianika nguo kwenye kamba huku akishikilia pini mdomoni, alilia, kwa sababu alikuwa amekumbuka nyumbani, na nyumbani palikuwa ni Otter Tail. Niliposikia hivyo nilimsimulia habari za binamu zangu wa Kisii. Hakuna mtu aliyewahi kunielewa kwa haraka kiasi kile.

Julai 2015 Baba alifariki dunia Likoni. Karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa zingali zinashughulikiwa, na kama ningetoka nchini sikuwa na hakika ya kurudi kwa mume na mtoto wangu. Wakenya wa Brooklyn Park walikusanyika kwangu siku nne, wakachanga, kama tunavyochangiana daima, kwa maana katika jamii yetu ugenini fedha nyingi kuliko zote hutumika kumrudisha maiti kwao. Safari hii aliyefiwa alikuwa mimi niliye huku, na maiti alikuwa kule, lakini hata kule alikuwa na safari. Alipakiwa kwenye gari, akapelekwa Kisii kwa njia ile ile ya basi la Desemba, akazikwa kwenye shamba ambalo hakulilala zaidi ya majuma matatu kwa mwaka. Niliona mazishi katika vipande vya video vilivyotumwa kwa simu. Kimoja kilionyesha miguu ya watu na udongo mwekundu tu. Niliporudi kazini Bibi aliniuliza amezikwa wapi. Nikajibu, "Kwao." Akasema hilo ni jema, na kwamba yeye pia amewaagiza watoto wake.

Alifariki Januari 2017. Katika majira hayo ardhi ya kaskazini huwa imeganda kama jiwe kwa kina kirefu, na bado kuna makaburi ambayo desturi yake ni kuwahifadhi waliokufa wakati wa baridi hadi masika. Kwa hiyo alizikwa Mei, na binti yake akanipigia simu kunialika. Nilikuwa nimeishi jimboni miaka minane, na ilikuwa mara ya kwanza kualikwa na mzawa katika jambo la nyumbani kwake. Sisemi hivi kwa kulaumu; wenyeji wenyewe husema kwamba mtu wa Minnesota atakuelekeza kila mahali isipokuwa mlangoni pake. Kwa mtu aliyelelewa Pwani, ambako hupiti mbele ya watu wanaokula bila kuambiwa "Karibu", upole ule usiofungua mlango ulikuwa mzigo mzito kuliko theluji.

Kanisa lilikuwa dogo, la mbao nyeupe, juu ya kilima, na majina ya makaburini yalikuwa ya Kinorwei mstari baada ya mstari. Chini ya kilima palikuwa na ziwa. Wakati mchungaji akisoma, ndege mmoja alilia majini, yule mwenye kichwa cheusi na madoa meupe mgongoni ambaye ndiye ndege wa jimbo. Mlio wake ni mrefu na unapanda juu kama wa mtu anayeita ng'ambo asijibiwe. Nililia pale kuliko walivyolia watoto wa marehemu, wakanishika mabega, wakidhani namlilia mama yao. Nilikuwa namlilia yeye na Baba kwa pamoja, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimesimama kwenye kaburi la mtu aliyerudishwa kwao. Baadaye tulishuka chini ya kanisa tukanywa kahawa, tukala hotdish, na binti yake akanikabidhi kisukumio chenye mistari kilichofungwa kwenye taulo. Sheria za kazi yetu hazituruhusu kupokea zawadi kutoka kwa wazee, hivyo niliomba siku mbili nimweleze msimamizi wangu kwanza, naye aliruhusu.

Mjukuu mmoja wa marehemu, mwalimu wa historia, alikaa nami mezani siku hiyo, na alinieleza jambo ambalo bibi yake hakuwahi kulitaja. Babu yule wa Norwei alipata ekari zake 160 kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1862, na mwaka huo huo, upande wa kusini mwa jimbo, Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwa na njaa baada ya malipo ya mikataba yao kucheleweshwa, waliingia vitani. Walishindwa. Tarehe 26 Desemba 1862 wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, na hakujapata kuwa na unyongaji wa watu wengi kiasi hicho kwa siku moja katika historia ya Marekani. Wanawake, watoto na wazee, zaidi ya 1,600, walifungiwa kambini chini ya ngome ya Snelling majira yote ya baridi, wengi wakafa, na mwaka uliofuata Bunge la nchi likapitisha sheria ya kuwafukuza Wadakota kutoka Minnesota. Jina lenyewe la jimbo ni la Kidakota, nalo linataja maji yanayoakisi anga.

Ngome hiyo iko kando ya uwanja wa ndege. Nilipotua mwaka 2009, nikiwa nimefunga mdomo na kupumulia puani, nilipita karibu nayo bila kujua. Nilikwenda baadaye, nikasimama mahali mito miwili inapokutana, na sikuweza kuyafikiria mambo ya 1862 bila kuyafikiria ya 1997. Agosti ya mwaka huo, nikiwa na umri wa miaka 12, Likoni ilishambuliwa usiku. Vipeperushi vilikuwa vimesambazwa vikiwataka watu wa bara waondoke Pwani. Kituo cha polisi kikavamiwa, watu wakauawa, nyumba na vibanda vikachomwa, na maelfu wakakimbilia kanisa katoliki la Likoni. Sisi hatukufika kanisani. Jirani yetu, mama wa Kidigo ambaye mnazi wake ulipakana na wetu, alituingiza chumbani kwake, akatufunika kwa mikeka, na vijana walipobisha aliwajibu mlangoni, "Humu mna wanangu. Anayewataka aanze na mimi." Tulikaa kwake siku mbili.

Siwezi basi kuzungumzia fahari ya kwao kana kwamba ni tamu tu. Malalamiko ya Wapwani kuhusu ardhi na kazi yalikuwa na misingi yake, na njaa ya mkulima wa Norwei aliyevuka bahari ilikuwa ya kweli, lakini mapenzi ya mahali yakishaanza kuuliza nani aondoke, yamekwisha kugeuka kuwa kitu kingine. Ninawaheshimu Waminnesota ambao hawakulikimbia hilo. Tarehe 11 Mei 2024 jimbo liliinua bendera mpya, ya buluu za aina mbili na nyota nyeupe yenye ncha nane, ikachukua nafasi ya ile ya zamani iliyoonyesha mkulima akilima huku mwenyeji wa asili akipita juu ya farasi. Wazawa wengi waliipinga, na baadhi yao ni watu ninaowapenda. Kwao ile ya zamani ilikuwa bendera ya shule na ya mazishi ya wazazi. Nilielewa uchungu wao, ingawa niliifurahia mpya.

Niliwahi kudhani kwamba wanaolia kwa sababu ya kwao ni sisi tuliovuka bahari peke yetu. Kisha muuguzi mwenzangu, mzawa wa Duluth kwenye ufuko wa ziwa Superior, alihamia Arizona kwa ajili ya kazi ya mumewe. Huko jua huwaka mwaka mzima, na sote tulimwonea wivu. Baada ya miezi mitano alinipigia simu usiku akaniomba nimtumie mpunga wa mwituni, ule mweusi mrefu unaoota kwenye maji ya kina kifupi, ambao Waojibwe, wenyeji wengine wa asili, huuvuna kwa mitumbwi, mmoja akisukuma kwa upondo na mwingine akipukutisha masuke kwa vijiti viwili. Ule wa madukani kwao, alisema, ni wa kulimwa mashambani, nao hauna harufu ya ziwa. Niliununua kwa mama mmoja wa Kiojibwe anayeuza sokoni, kilo mbili, nikauweka kwenye boksi ambalo juma lililotangulia lilikuwa limeniletea iliki na mdalasini kutoka Mombasa. Nilipokuwa nikiandika anwani ya Arizona nilitambua kwamba mzawa amemwomba mhamiaji amtumie ladha ya kwao, na kwamba nilijua kwa hakika ni mpunga upi.

Mabadiliko mengine niliyatambua kwa kuchelewa. Tarehe 30 Januari 2019 baridi ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri mjini, na shule zikafungwa. Miezi michache baadaye kijana kutoka Nakuru alianza kazi kwetu, nami nikajisikia nikimsimulia siku ile kwa sauti ya chini na uso mkavu, jinsi mlango wa gari ulivyoganda na jinsi mwanangu alivyotupa maji ya moto hewani yakageuka mvuke kabla ya kugusa ardhi. Aliponyamaza, nilikumbuka sinia lile na tonge nililokosa.

Desemba ya mwaka huo, karatasi zikiwa zimekamilika, tulikwenda Kenya. Tuliteremka pwani kwa treni mpya, tukaikuta Mombasa imepakwa rangi nyeupe na buluu, na nilizunguka siku mbili nikitafuta vibanda nilivyovijua kama yule bibi alivyozunguka Norwei. Mama alikuwa pale pale Likoni. Shangazi zangu walimtaka ahamie Kisii karibu na kaburi la mumewe. Aliwajibu kwamba marehemu alikuwa na kwake na yeye ana kwake, penye mnazi alioupanda. Nilijikuta jioni nikiwaeleza jirani habari za maziwa 11,842. Mwanangu, aliyezaliwa Minneapolis mwaka 2011, aliwafundisha watoto wa mtaa mchezo wa kukaa duara ambao majimbo mengine yote huuita "bata, bata, bata bukini" na Minnesota peke yake huuita "bata, bata, bata wa kijivu". Likoni sasa kuna watoto wasiojua jina lake jingine.

Mkesha wa Krismasi nilitoa kisukumio kwenye sanduku, na Mama akakitumia kusukuma chapati barazani. Mgeni mmoja aliyekuja kutusalimu alimwita mwanangu akamuuliza, "Kwenu ni wapi, mwanangu?" Akajibu, "Minnesota." Mgeni akatabasamu. "La, kwenu hasa?" Mama, bila kuinua macho kwenye kibao, akasema, "Mtoto amekwisha kujibu."

Jirani yetu Mdigo alikuwa ameketi kando yake kwenye mkeka. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alinyoosha mkono, akakichukua kisukumio kikiwa na unga, akaipitisha mistari kwenye vidole mmoja baada ya mwingine, akauliza kilikuwa cha nani. Nikamweleza habari za Bibi, lefse, na kaburi juu ya ziwa.

"Aliishi karibu na maji?"

"Ndiyo, Bibi. Wilaya yao ina maziwa zaidi ya elfu moja."

"Basi huyo ni mpwani," akasema, akakirudisha mkononi mwa Mama.